Kutengeneza chanzo cha fotoni moja moja kwa utando wa WSe2: kutoka selotepu hadi kipimo cha g2

Ukififisha leza unapata mwanga hafifu, hupati fotoni (chembe za mwanga) moja moja. Wengi wanaoingia kwenye fani hii wanachanganya mambo hayo mawili, kwa hiyo tuanze na hesabu. Chukua leza ya mapigo, uipunguze hadi wastani wa fotoni 0.1 kwa kila pigo. Kati ya mapigo 1,000, takriban 905 yatatoka matupu, 90 yatabeba fotoni moja, na 5 hivi yatabeba mbili au zaidi. Hayo 5 ndiyo yanayomtia wasiwasi mtu anayejenga mawasiliano ya siri kwa utaratibu wa BB84, ule ambao Charles Bennett na Gilles Brassard waliutoa mwaka 1984. Pigo lenye fotoni mbili linampa mdukuzi nakala ya ziada ya kuchomoa bila mtu kushtuka. Zipo mbinu za kuziba mwanya huo hata kwa leza ya kawaida, na zinafanya kazi vizuri, ila mapigo matupu yanabaki palepale. Ukizidi kuififisha leza, unapunguza mbili na kuongeza matupu.

Dawa ni kupata kitu ambacho kwa maumbile yake hakiwezi kutoa fotoni mbili kwa mkupuo. Mwaka 1977 Kimble, Dagenais na Mandel walionyesha tabia hiyo kwa atomu za sodiamu. Atomu ikishatoa fotoni yake, sharti ipandishwe upya kabla ya kutoa nyingine, kwa hiyo kila fotoni inafuatwa na kimya kifupi. Kimya hicho ndicho tunachokitafuta katika kazi hii yote. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa chini ipo kwa ajili ya kukilinda kisijazwe na mwanga wa takataka.

Mwaka 2015 makundi ya watafiti ya Zürich, Grenoble, Rochester, Münster na China yalitangaza karibu kwa pamoja kwamba vipande vya WSe2 (diselenidi ya tungsteni) vyenye unene wa tabaka moja vina nukta zinazofanya kama atomu hiyo. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi wa uzamili au fundi wa maabara anayetaka kutengeneza nukta kama hiyo na kuthibitisha kwamba kweli inatoa fotoni moja moja, kwa kipimo cha g2 kinachoonyesha ni mara ngapi fotoni mbili zinafika pamoja.

Kinachotokea ndani ya utando

Diselenidi ya tungsteni ni fuwele ya matabaka. Kila tabaka ni safu ya atomu za tungsteni iliyobanwa kati ya safu mbili za seleni, na unene wote ni kama nanomita 0.7. Ndani ya tabaka atomu zimeshikana kwa nguvu. Baina ya tabaka na tabaka mshiko ni dhaifu, ndiyo maana unaweza kuyachuna kwa utepe wa gundi, mbinu ileile iliyowapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov grafini (tabaka moja la atomu za kaboni) huko Manchester mwaka 2004. Fuwele nene ya WSe2 inang'aa kidogo mno. Likibaki tabaka moja, mpangilio wa nishati unabadilika na elektroni inaweza kushuka moja kwa moja na kutoa mwanga. Badiliko hilo lilionekana kwanza kwa ndugu yake MoS2 (disulfidi ya molibdeni), mwaka 2010.

(Tungsteni si ngeni kwetu. Madini yake huchimbwa Nyakabingo nchini Rwanda na mashariki mwa Kongo. Fuwele za maabara, hata hivyo, zinakuzwa taratibu kwenye tanuri na kuuzwa kwa vipande vya milimita chache.)

Mwanga hutoka kwa eksitoni, yaani elektroni iliyoshikana na tundu ililoliacha nyuma. Kwenye utando uliotandazwa bapa, eksitoni zinazurura kila mahali na zinatoa mwanga nyingi kwa pamoja, hivyo hakuna kimya. Inabidi uitege moja mahali padogo. Utando ukivutwa, pengo lake la nishati, yaani nishati inayohitajika kuamsha elektroni, hupungua. Ukiunyanyua mahali pamoja kama turubai juu ya mti, kilele kinavutwa kuliko kandokando, na eksitoni zinatiririkia huko.

Mvutano peke yake hautoshi kueleza mistari myembamba tunayoiona kwenye spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake. Maelezo yanayokubalika zaidi yanahusisha kasoro ya atomu, hasa nafasi tupu ya seleni. Katika WSe2 eksitoni yenye nishati ya chini kabisa ni ya giza: kanuni za spini, tabia ya elektroni inayofanana na kujizungusha, zinaizuia kutoa mwanga kwa urahisi. Mvutano unaishusha hadi inakutana na kiwango cha nishati cha kasoro, na mchanganyiko wao unapata ruhusa ya kung'aa. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili mahali pamoja, mvutano na kasoro. Mvutano unaupanga mwenyewe. Kasoro, kwa kawaida, unaikuta kwenye fuwele.

Hatua ya 1: Andaa vinguzo

Anza na kipande cha silikoni chenye oksidi juu yake, nanomita 90 au 285. Unene huo haukuchaguliwa ovyo, kwa sababu ndio unaofanya tabaka moja lionekane kwenye hadubini ya kawaida. Juu yake tengeneza vinguzo vya silika kwa miale ya elektroni. Njia fupi ni kupaka HSQ, kimiminika ambacho hugeuka kuwa kama kioo kinapopigwa na elektroni. Unachora nukta, unaosha kilichobaki, vinguzo vimesimama.

Vipimo vya kuanzia: kipenyo nanomita 150 hadi 200, kimo nanomita 120 hadi 150, na mikromita 4 kutoka kinguzo hadi kinguzo. Nafasi hiyo inatokana na ukomo wa lenzi. Kwa mwanga wa nanomita 750 na lenzi yenye uwazi wa 0.8 (kipimo cha upana wa pembe inayokusanya mwanga), huwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 570 hivi. Vinguzo vikikaribiana mno, doa moja la leza litaamsha viwili, na ukifika kwenye kipimo cha mwisho hutajua unapima kipi.

Kimo ni suala la kupima mizani. Mwaka 2017 makundi mawili, la Cambridge na la Heriot-Watt huko Edinburgh, yalionyesha kwamba unaweza kupanga nukta hizi kwa safu badala ya kuzitafuta kwa bahati. Kundi la Cambridge lililinganisha vimo vya nanomita 60, 130 na 190, na virefu ndivyo vilivyotoa matokeo bora. Lakini kinguzo kirefu chenye ncha kali hutoboa utando. Ushauri wangu ni kuweka vimo vitatu tofauti kwenye kipande kimoja, ili utando mmoja ukupe majibu ya vyote.

Huna mashine ya miale ya elektroni? Nyunyiza chembe za silika za nanomita 100 hivi zilizochanganywa kwenye alkoholi, acha zikauke, kisha laza utando juu yake. Hutachagua mahali, lakini fizikia ni ileile. Njia nyingine ni kulaza utando juu ya polima laini na kuubonyeza kwa ncha ya hadubini ya nguvu za atomu (ile inayopapasa uso kwa sindano), ukaacha kishimo.

Hatua ya 2: Chuna utando

Hapa ndipo muda unapokwenda, na hapa ndipo sipendi kuona mtu ana haraka.

Tumia utepe wa bluu unaotumika viwandani kukatia silikoni, kwa kuwa unaacha gundi kidogo kuliko selotepu ya dukani. Selotepu inafaa kwa mazoezi ya mkono. Bandika fuwele mara moja, ibandue, halafu kunja utepe na kuufungua mara 4 au 5, kila mara ukihamia sehemu safi. Usizidishe. Kila mkunjo unapunguza unene na pia unavunja vipande, na ukikunja mara kumi na mbili utabaki na unga unaong'aa usio na kipande cha kutosha hata kinguzo kimoja.

Bandika utepe juu ya kipande cha PDMS, ile mpira-silikoni laini inayopitisha mwanga, kilichokaa juu ya kioo cha hadubini. Sugua kidogo kwa kidole chenye glavu, kisha bandua. Mwendo wa kubandua una kazi yake, maana PDMS hushika ukibandua kwa kasi na huachia ukienda polepole. Kwa kuwa hapa unataka PDMS ichukue, vuta utepe kwa haraka.

Sasa angalia kwa hadubini, mwanga ukitoka chini. Kila tabaka linameza sehemu ndogo ya mwanga, kwa hiyo vipande vinaonekana kwa ngazi za kijivu. Tafuta kivuli kile ambacho unakaribia kukikosa. Jicho likizoea, utatofautisha tabaka moja na mawili bila kifaa kingine, lakini usilitegemee jicho kwa kumbukumbu za maabara. Unatafuta kipande cha angalau mikromita 20 kwa 20, kisicho na mikunjo wala mapovu. Kipande cha namna hiyo kinaweza kufunika zaidi ya vinguzo 20.

Tahadhari moja: usichome mabaki ya fuwele wala kuyatupa kwenye asidi. Seleni inaweza kutoa gesi yenye sumu. Weka mabaki kwenye chupa yake yenye lebo.

Hatua ya 3: Hakikisha ni tabaka moja

Piga leza ya kijani kwa nguvu ndogo, katika joto la kawaida la chumba, na usome mwanga unaorudi kwa spektromita. Tabaka moja la WSe2 linatoa kilele kimoja chenye nguvu karibu na nanomita 750, sawa na elektronivolti 1.65. Matabaka mawili yanang'aa kwa uhafifu mkubwa, na kilele chao kinasogea upande wa mwekundu.

Ukiwa na kipimo cha Raman, kinachosoma mitetemo ya atomu kwa mwanga wa leza, angalia karibu na 309 kwa sentimita. Mstari huo unaonekana kwenye matabaka mawili na kuendelea, kwenye tabaka moja haupo. Hadubini ya nguvu za atomu inaweza kukudanganya hapa: inaweza kusoma zaidi ya nanomita 1 kwa tabaka la nanomita 0.7, kwa sababu ya maji na hewa iliyonaswa chini. Mimi naamini mwanga kuliko kimo.

Hatua ya 4: Laza utando juu ya vinguzo

Geuza kioo chenye PDMS, utando ukiangalia chini, na ukifunge kwenye kishikio chenye skrubu za kusogeza kwa mikromita. Chini weka kipande chenye vinguzo kwenye sahani ya joto. Angalia kupitia PDMS yenyewe, panga utando juu ya safu, kisha shusha polepole hadi uone mstari wa mgusano ukitambaa. PDMS iliyogusa ina rangi tofauti na ile ambayo haijagusa, huwezi kukosea.

Mgusano ukishapita utando wote, pasha hadi nyuzi 60 hivi za Selsiasi na usubiri dakika chache. Halafu nyanyua, taratibu kupita unavyodhani inatosha. Unataka mstari wa mgusano urudi nyuma kwa mwendo usioukatiza. Ukiuona unaruka, simama, acha utulie, endelea. Kila mruko ni mahali utando unapoweza kupasuka juu ya kinguzo.

Ukimaliza, piga picha kwa hadubini. Kinguzo kilichofunikwa vizuri kinaonekana kama nukta yenye mkunjo mfupi au miwili inayotoka pembeni. Nukta yenye doa jeusi lenye kingo kali huenda imetoboka. Chora ramani sasa, vinguzo vyote kwa safu na namba, ambavyo vimefunikwa, vilivyotoboka na vilivyo wazi. Ndani ya kriostati (chombo cha baridi kali) utaona kidogo sana, na bila ramani utakuwa unapapasa.

Kuna wanaofunika utando kwa tabaka jembamba la nitridi ya boroni ili kutuliza chaji zinazotangatanga pembeni yake. Inasaidia kuzuia mistari isihamehame, ila inapunguza pia ukali wa mvutano kwa kuwa unalaza kitu kigumu zaidi. Kwa jaribio la kwanza iache.

Hatua ya 5: Baridi na njia ya mwanga

Nukta hizi zinahitaji kelvini 4 hadi 10. Nishati ya joto katika chumba ni kama mili-elektronivolti 26, na hiyo inaitoa eksitoni mtegoni bila taabu. Kwenye kelvini 4 ni 0.34 tu. Nukta za kawaida hufifia zikipita makumi machache ya kelvini. Kundi moja la Santa Barbara, Marekani, lilitangaza mwaka 2021 nukta zilizofika kelvini 150 baada ya kuongeza kasoro kwa miale ya elektroni, lakini usianze na hilo.

Kriostati ya kuzungusha heli kwenye mfumo uliofungwa ndiyo rahisi kuendesha, ingawa kompresa yake inatikisa. Kinguzo kikicheza hata nusu mikromita, idadi ya fotoni itapanda na kushuka kwa mdundo wa kompresa, na mdundo huo utajitokeza kwenye data. Heli ya kimiminika haina mtikisiko huo, lakini ni ghali na ina hatari yake. Lita moja inafumuka kuwa zaidi ya lita 700 za gesi, na chumba kidogo kisicho na hewa ya kutosha kinaweza kukosa oksijeni bila mtu kunusa chochote. Weka king'ora cha oksijeni.

Njia ya mwanga ni hii. Leza ya nanomita 532 au 633 inapita kichujio cha kuisafisha, inaingia kwenye lenzi moja na kupiga utando. Mwanga unaorudi unapita lenzi ileile, kisha kichujio cha mawimbi marefu kinachozuia leza na kupitisha kila kilicho juu ya nanomita 700. Kutoka hapo kioo cha kugeuza kinakuruhusu kuchagua, ama spektromita au vigunduzi.

Anza na nguvu chini ya mikrowati 1 kwenye utando. Mtu aliyezoea kazi nyingine za leza ataona ni ndogo mno, lakini nukta inashiba mapema, na baada ya kushiba kila unachoongeza kinaenda kwenye mwanga wa pembeni.

Hatua ya 6: Tafuta mistari

Tembeza leza kinguzo kwa kinguzo na usome spektra. Sehemu bapa ya utando itakupa vilele vipana karibu na nanomita 710 na kuendelea. Kwenye kinguzo kizuri, juu ya vilele hivyo, kati ya nanomita 720 na 800, inajitokeza mistari myembamba kama sindano. Upana wa kawaida ni kama mili-elektronivolti 0.1, yaani nanomita 0.05 hivi, kwa hiyo mara nyingi unachokiona kwenye spektromita ya kawaida ni upana wa spektromita yenyewe.

Usikimbilie mstari mkali kuliko yote. Tafuta uliosimama peke yake, wenye jirani wa karibu angalau nanomita 2 mbali, na wenye mwanga mdogo chini yake. Kisha ufanyie majaribio matatu ya haraka.

La kwanza ni nguvu. Ongeza leza hatua kwa hatua, ukiandika ukubwa wa mstari. Nukta moja inapanda halafu inalala. Inayozidi kupanda kwa mstari ulionyooka siyo unayoitafuta.

La pili ni polarizesheni, yaani mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga. Nukta nyingi za WSe2 ni jozi ya mistari iliyotenganishwa kwa kama mili-elektronivolti 0.7, kila mmoja ukiwa na polarizesheni iliyonyooka na wakiwa wamekatana kwa nyuzi 90. Ukizungusha kichujio cha polarizesheni na kuona mmoja anafifia mwenzake anapopanda, ni dalili nzuri kwamba wote wanatoka mahali pamoja.

La tatu ni utulivu. Chukua spektra moja kila sekunde kwa dakika 5 na uzipange moja chini ya nyingine. Mstari mzuri unachora uzi ulionyooka. Mbaya unachora nyoka, au unazima na kuwaka. Mwenye tabia ya nyoka utatoka nje ya kichujio chako katikati ya kipimo, kwa hiyo afadhali umjue mapema.

Hatua ya 7: Kipimo cha g2

Mpangilio wa vigunduzi ulitoka kwa wanaastronomia wa redio. Robert Hanbury Brown na Richard Twiss waliutumia mwaka 1956 kupima upana wa nyota Sirius. Unagawa mwanga nusu kwa nusu kwa kioo, unaweka kigunduzi kila upande, na unarekodi tofauti ya wakati kati ya mlio wa kimoja na mlio wa kingine. Fotoni moja haigawanyiki, itaenda kushoto au kulia. Vigunduzi vikilia pamoja kwenye tofauti ya sifuri, kulikuwa na fotoni mbili.

Kabla ya yote, zima taa. Vigunduzi vya silikoni vya fotoni moja vinaweza kuharibiwa na mwanga wa chumba vikiwa vimewashwa, na bei yake itamfanya msimamizi akukumbuke miaka mingi. Fungia njia nzima kwenye sanduku jeusi.

Weka kichujio chembamba, upana wa nanomita 1 hadi 2, juu ya mstari uliouchagua. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kukata mwanga wa pembeni. Ya pili husahaulika: kigunduzi cha silikoni kinapolia, chenyewe kinatoa mmweko hafifu, na mmweko huo unaweza kurudi kupitia kioo hadi kwa mwenzake. Matokeo yake ni vilele vya uongo pembeni mwa sifuri. Ukiviona vinabaki palepale hata ukibadilisha nukta, umeshajua chanzo.

Sasa ukadirie muda. Kila kigunduzi kikipokea fotoni 5,000 kwa sekunde, na ukigawa wakati kwa vipande vya nanosekunde 1, kila kipande kitapata 5,000 × 5,000 × 0.000000001, yaani tukio 0.025 kwa sekunde. Kwa saa nzima ni matukio 90 kwa kipande, na yumbo lake la kawaida ni karibu 10 kwa mia. Inatosha kuona shimo lakini haitoshi kujivunia. Idadi ya fotoni ikiongezeka mara 2, muda unapungua mara 4, kwa hiyo nusu siku ya kupanga lenzi vizuri inajilipa.

Hesabu hiyohiyo itumie kuweka kiwango cha 1 kwenye grafu. Wapo wanaochukua wastani wa kingo za grafu na kuuita 1. Nukta inayozima na kuwaka huinua eneo lote la karibu, na ukisawazisha kwa kingo zilizoinuka utapata shimo zuri kuliko lilivyo. Zidisha viwango vya vigunduzi viwili, upana wa kipande na muda wote, upate namba halisi.

Thamani inayotafutwa ni g2 kwenye sifuri. Leza inatoa 1. Nukta mbili zenye nguvu sawa zinatoa 0.5. Nukta moja kamili inatoa 0. Ndiyo maana chini ya 0.5 imekuwa mpaka wa kusema "hii ni moja". Lakini tazama mwanga wa pembeni unavyokula namba hiyo. Sehemu ya nukta ikiwa asilimia 80 ya mwanga wote unaofika, g2 ya chini kabisa unayoweza kupima ni 1 toa 0.8 kwa 0.8, yaani 0.36, hata kama nukta yenyewe haina dosari. Ikishuka hadi asilimia 70, unapata 0.51 na umefeli mtihani kwa sababu ya takataka tu. Kwa hiyo kabla ya kusubiri saa nzima, rudi kwenye spektra, pima eneo la mstari ukilinganisha na eneo la chini yake ndani ya kichujio. Kama uwiano ni mbaya, shusha nguvu ya leza au badilisha kinguzo.

Kigunduzi nacho kina ucheleweshaji usio sawa, mara nyingi kama nanosekunde 0.35. Nukta za WSe2 zinaishi nanosekunde 1 hadi 10 au zaidi, hivyo shimo ni pana kiasi cha kuonekana. Nukta inayoishi chini ya nanosekunde 1 itaonekana na shimo lisilofika chini. Ukirekebisha kwa hesabu, andika namba zote mbili, iliyopimwa na iliyorekebishwa. Msomaji ana haki ya kuona ile mbichi.

Ukitumia leza ya mapigo, angalia kasi yake. Leza ya mapigo milioni 80 kwa sekunde inapiga kila nanosekunde 12.5, na nukta inayoishi nanosekunde 8 haitakuwa imemaliza pigo lifuatalo likifika. Vilele vitamwagikiana. Shuka hadi milioni 10 au 20, ndipo ulinganishe eneo la kilele cha sifuri na la majirani zake.

Kama kifaa chako cha muda ni cha kizamani, kile cha kuanza na kusimamisha, ongeza waya wa koaksi kwenye upande wa kusimamisha. Kila mita inachelewesha kama nanosekunde 5, hivyo mita 20 zitausogeza sifuri hadi 100 na utaona pande zote mbili za shimo.

Ukishapata shimo

Kuwa na g2 ya 0.1 hakumaanishi fotoni zako zinafanana. Kwa kompyuta za kwanta zinazotegemea fotoni mbili kuingiliana, zinatakiwa ziwe pacha, na hapa WSe2 bado iko nyuma. Nukta inayoishi nanosekunde 5 ingepaswa kuwa na upana wa mikro-elektronivolti 0.13 tu. Mistari tunayoipima ni mipana mara mamia kuliko hapo, kwa kuwa chaji za jirani zinausukuma huku na huku. Kwa maoni yangu, anayetaka fotoni pacha leo atumie nukta za kwanta za arsenidi ya galiamu na jamii yake, zilizoanza miaka mingi kabla. Utando wa WSe2 una faida nyingine: hauhitaji kukuzwa juu ya fuwele inayolingana nao, unaulaza popote, hata juu ya njia za mwanga zilizochongwa kwenye chipu.

Usambazaji wa funguo za siri hauhitaji pacha, unahitaji usafi na wingi. Mwaka 2023 kundi la Berlin lilionyesha chanzo cha WSe2 kikifanya kazi kwenye majaribio ya utaratibu wa BB84. Wanaotaka kutumia nyaya za kioo za simu wanahamia MoTe2 (diteluridi ya molibdeni), ambayo mwaka 2021 ilionyeshwa kutoa fotoni moja moja hadi nanomita 1550. Na kuiwasha nukta kwa umeme badala ya leza kulishafanyika Cambridge mwaka 2016.

Kwa asiye na kriostati, nitridi ya boroni ni mlango mzuri. Si semikondakta bali kihami, lakini tangu 2016, kazi ya kundi la Sydney ilipotoka, inajulikana kwamba kasoro zake hutoa fotoni moja moja katika joto la chumba. Vipande vyake vinauzwa vikiwa kwenye kimiminika. Unadondosha tone kwenye silikoni, unakausha, unapasha, na unaingia moja kwa moja kwenye hatua ya 6 na ya 7 kwa vichujio vya nanomita 550 hadi 800, kwa kuwa rangi zake zinatofautiana sana kutoka nukta hadi nukta. Utajifunza kupanga vigunduzi, kusawazisha g2 na kupambana na mwanga wa pembeni bila kununua heli.